Anaelewa, Ila Hasemi: Usemi wa Watoto Wenye Mtindio wa Ubongo Kilosa na Mikumi

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya watoto mahali popote wilayani Kilosa, iwe mjini, Kimamba, Mikumi au Ulaya (ndiyo, tuna kijiji kinaitwa Ulaya, kiko njia ya kwenda Mikumi, na utani wake wote umeshatolewa), utasikia akina mama wakiulizana maswali matatu. Ameshakaa? Ameshatembea? Ameshasema? Hayo mawili ya kwanza watu wana subira nayo. La tatu ndilo linaloamua mtoto atahesabiwa vipi. Asiyetembea anaonewa huruma, anabebwa. Asiyesema anaambiwa hana akili, na kuanzia siku hiyo watu wanaacha kumsemesha.

Makala hii inawahusu hao wa swali la tatu, hasa watoto wadogo wenye mtindio wa ubongo. Mimi nasoma isimu, si udaktari, kwa hiyo anayetafuta dozi humu hataipata. Nilikwenda filidi Kilosa kukusanya data ya jinsi watoto wa chini ya miaka mitano wanavyojifunza Kiswahili katika nyumba ambazo bibi anaongea Kikaguru au Kisagara, mama anaongea Kiswahili, na jirani mfugaji anaongea Kimasai. Katika kaya nilizopangiwa, watoto watatu walikuwa na mtindio wa ubongo. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha kujaza: idadi ya maneno anayotamka. Kwa watoto hao watatu jibu lilikuwa sifuri, sifuri, na mawili. Lakini ukikaa na mtoto nusu saa tu sebuleni kwao unaona kwamba sifuri ile haisemi ukweli. Mmoja alicheka kabla ya mwisho wa hadithi ya bibi yake, kwa sababu alijua sungura atafanya nini. Asiyejua lugha hawezi kufanya hivyo.

Tuweke jina sawa kwanza. Mtaani "mtindio wa ubongo" limekuwa kapu la kila kitu: mwenye usonji humo, mwenye kifafa humo, mwenye kichwa kikubwa humo, hadi mwanafunzi aliyefeli hesabu. Kitabibu ni jambo mahususi. Ubongo ambao bado unakua uliumia au haukujengeka sawasawa, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo ya maisha, na sehemu iliyoguswa ni ile inayoongoza misuli na mikao ya mwili. Jeraha lenyewe haliongezeki, haliambukizi, na hakuna dawa ya kulifuta. Kinachobadilika ni mwili unaoendelea kukua juu ya jeraha hilo. Kwa wengi misuli hukaza. Wengine miili yao hujinyonganyonga bila wao kutaka, na wachache hukosa mizani na kutetemeka.

Mwaka 1861 daktari mmoja wa London, William John Little, aliwaambia wenzake kwamba hali hii inatokana na uzazi mgumu, mtoto njiti, na mtoto kuchelewa kupata pumzi. Mwaka 1897 akaja Sigmund Freud, huyo huyo wa ndoto mnayemdesa kwenye saikolojia, akabisha: huenda uzazi unakuwa mgumu kwa sababu mtoto tayari ana tatizo tangu tumboni. Leo tunajua kila mmoja alishika ukweli nusu. Sisi wa Afrika Mashariki tuna nusu ya tatu, kama hesabu hiyo inaruhusiwa. Utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge, mashariki ya Uganda, na kuchapishwa mwaka 2017, ulipima watoto zaidi ya 31,000 na kuwakuta 97 wenye mtindio wa ubongo. Ni karibu watoto 3 katika kila 1,000. Kati ya hao 97, robo walizaliwa salama kabisa, na ubongo uliumia baadaye, zaidi kwa malaria ya ubongo na degedege kali. Katika nchi tajiri kundi hilo ni dogo sana.

Sasa ifikirie Kilosa: bonde la mto Mkondoa, mpunga, mashamba ya zamani ya mkonge, maji yanayotuama kila masika. Mbu wa kule hawana likizo. Pia kuna manjano ya watoto wachanga. Mama anajifungua, anarudi nyumbani siku ya pili, mtoto anageuka manjano siku ya nne, anaambiwa amwanike juani. Manjano yakipita kiasi huingia kwenye ubongo, na huacha mambo mawili kwa pamoja: mwili unaojinyonganyonga na usikivu ulioharibika. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mtoto asiyesema si "mdomo wake una nini?" bali "anasikia?" Kumpigia makofi nyuma ya kichwa hakutoshi, maana mtoto anaweza kusikia kishindo na asisikie tofauti ya "pa" na "ba". Anahitaji kipimo cha masikio cha kweli, na hicho kinapaswa kutangulia mambo mengine yote.

Tuseme anasikia. Kwa nini basi hasemi?

Sisi tunaosema tumesahau kazi yenyewe. Ili utamke neno "maji" unahitaji pumzi ya kutosha kutoka mapafuni, itoke polepole, si kwa mkupuo. Nyuzi za sauti kooni zikutane kwa wakati wake. Kaakaa laini, kale kapazia ka nyuma ya mdomo, kashuke kwa "m" ili hewa ipite puani, kisha kapande mara moja kwa irabu inayofuata. Midomo ifunge, ifunguke, ulimi uinuke kwa "j", taya lisitangulie wala lisichelewe. Yote hayo yanatokea chini ya sekunde moja. Kwa mtoto ambaye misuli ya kifua, shingo, taya na ulimi haipokei amri vizuri, kila hatua ni mahali pa kukwama. Pumzi inaisha katikati ya neno. Sauti inakuwa ndogo au inatoka kwa kishindo. Hewa inavujia puani kila neno likasikika kama ana mafua. Ulimi unafika wakati irabu imeshapita.

Hapo hatujagusa akili. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yaliweka hesabu hii: kati ya watoto wenye mtindio wa ubongo, mmoja katika kila wanne hawezi kusema. Nusu wana ulemavu wa akili wa kiwango fulani, maana yake nusu nyingine hawana. Na watatu katika kila wanne wana maumivu. Hiyo hesabu ya mwisho iweke pembeni, tutairudia. Naomba pia nisieleweke vibaya: hao wenye ulemavu wa akili nao wana mambo ya kusema, na wanastahili kusemeshwa vilevile. Hoja yangu ni kwamba ukimya wa mtoto haukuambii yuko kundi gani.

Kuna jambo lingine linalowashangaza watu. Mtu mzima akipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi lugha inaondoka. Mtoto akiumia upande huo huo kabla au karibu na kuzaliwa, mara nyingi lugha huhamia upande wa kulia na kuendelea. Ubongo mchanga unapanga nyumba upya. Lakini haupangi kwa kusubiri. Unapanga kwa kile unachopewa kila siku, yaani maneno, sura, nyimbo na majibu.

Tuingie kwenye fani yangu kidogo. Kiswahili kina huruma kwa mdomo mchanga. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno lina mapigo unayoweza kuyapiga kwa kofi juu ya meza: u-ji, ma-ji, ka-ri-bu. Maneno ya watu wa karibu yamejaa sauti za midomo: mama, baba, bibi, babu. Kwa upande mwingine kitenzi chetu ni treni la mizigo. "Ananipenda" ni silabi tano, na taarifa za nani na lini zimefungwa mbele, kabla ya mzizi. Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wa Nairobi na kuchapisha kitabu mwaka 2005, alionyesha kwamba hata watoto wasio na tatizo lolote huanza kwa kudondosha viambishi vya mbele, cha mtenda na cha njeo, lakini irabu ya mwisho ya kitenzi ni nadra kuidondosha. Kwa mtoto mwenye pumzi fupi hili ni la kukumbuka. Akikupa "taka" badala ya "ninataka", hajakosea. Amefanya kile ambacho kila Mswahili mdogo hufanya, ila yeye atakaa hapo muda mrefu zaidi. Mpokee, mrudishie kamili ("Unataka. Unataka uji?"), usimlazimishe arudie.

Tena tuna hazina ambayo sijaona ikitumiwa vya kutosha: tanakali za sauti na miguno. Pu! Pa! Tii! Bu! Hizi ni silabi moja, zina nguvu, zina mchezo ndani yake. Mpira unaanguka: pu! Ndoo imejaa: pomoni ni neno gumu, lakini "tele" liko karibu. Na kuna ndiyo na hapana zisizohitaji ulimi kabisa. Sote tunajua "mhm" ya kukubali na "m-m" ya kukataa, mdomo umefungwa, kazi yote inafanywa na kiimbo. Tunajua pia kuinua nyusi kwa maana ya ndiyo. Mtoto wa mama mmoja pale Mikumi, mwenye miaka minne, alikuwa na ndiyo ya kuangalia juu na hapana ya kufumba macho. Hakuna aliyemfundisha. Mama yake aligundua siku moja na akaanza kuitikia kila mara, basi ikawa lugha. Nilipouliza kwa nini haya hayakuandikwa kwenye kadi yake ya kliniki, mama alinitazama kama nimeuliza kwa nini hajaandika kwamba mtoto anapumua.

Hilo ndilo somo la kwanza kwenye fani ya tiba ya usemi na lugha, nalo linawasumbua sana watu wanaosubiri neno: mawasiliano hutangulia usemi. Mtoto yeyote, kabla ya neno la kwanza karibu na mwaka mmoja, ameshafanya kazi miezi mingi: anakutazama, anatazama kitu, anakutazama tena, unatoa sauti, ananyamaza, anatoa yake. Ni kupokezana. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kufanya hayo yote, ila polepole, na ishara zake ni ndogo. Kichwa kinageuka kwa sekunde sita badala ya moja. Mama ana mtungi kichwani, kuni hazijakatwa, sekunde sita hana. Anamjibia. Mtoto akijibiwa kila mara kabla hajamaliza, anajifunza kwamba zamu yake haipo, na anaacha kuitafuta. Nimeona nyumba mbili ambako mtoto alikuwa ameacha.

Zoezi lake ni rahisi kulieleza na gumu kulifanya: uliza, kisha hesabu mpaka kumi kimoyomoyo huku unamtazama. Usirudie swali katikati. Shika kikombe mkono huu na mdoli mkono ule, viwe mbali kidogo, kwenye usawa wa macho yake. "Uji, au mdoli?" Moja, mbili, tatu. Atakapotazama, hilo ni jibu. Mpe, na ulitaje.

Kabla ya hapo, mkalishe. Wanaofanya mazoezi ya viungo wanalisema hili mpaka linachosha, na wana haki. Mtoto aliyelala chali, shingo imevutwa nyuma, hawezi kutazama mikono yako, hawezi kupumua kwa mpangilio, na ukimlisha hivyo chakula kinaingia njia ya hewa na kumletea nimonia. Akae wima, nyonga nyuma kabisa ya kiti, miguu imekanyaga kitu, kidevu kimeshuka kidogo. Pale Ruaha nilimwona fundi seremala aliyetengeneza kiti cha pembe, kile cha kukaa kwenye kona, kwa mbao za makreti ya nyanya. Wengine hutumia beseni kubwa lililojazwa khanga pande zote. Mtoto yule yule ambaye jana alikuwa "hana habari", leo ameketi na anafuatilia kuku uani. Mdomo unaokula vizuri na mdomo unaosema vizuri ni misuli ile ile, ingawa mazoezi ya kula peke yake hayamfundishi mtu kusema.

Hapo kuna ubishi niueleze haraka. Watu wengi, hata wenye vyeti, hupenda kumpa mtoto mazoezi ya mdomo: puliza mshumaa, toa ulimi, nyonya mrija. Ushahidi kwamba kupuliza kunaleta usemi ni dhaifu. Kinachoonyesha matumaini ni kufanya kazi ndani ya usemi wenyewe. Lindsay Pennington na wenzake wa Newcastle, Uingereza, waliwachukua watoto wa miaka 5 hadi 11 wanaosema lakini hawaeleweki, wakawafundisha mambo machache tu: anza kusema pumzi ikiwa imejaa, toa sauti imara, punguza kasi, tumia maneno machache kwa pumzi moja. Vipindi vitatu kwa wiki, wiki sita. Watoto wakaeleweka zaidi, hata kwa watu wasiowajua. Lakini hiyo ni kwa wanaosema tayari. Kwa mdogo wa miaka miwili au mitatu, kazi iko kwenye yale ya juu: kukaa, kutazamana, kupokezana, kuchagua.

Na kwa yule ambaye sauti yake haitatosha, je? Mwaka 1971 pale Toronto, Kanada, mwalimu Shirley McNaughton na wenzake walikuwa na watoto wenye mtindio wa ubongo wasiosema wala kuandika. Wakakuta mfumo wa alama za michoro uliobuniwa na Charles Bliss, mkimbizi aliyepitia kambi za Dachau na Buchenwald na kuishia Australia, ambaye alitaka mataifa yaelewane bila kutafsiriana. Mataifa hayakujali. Watoto wa Toronto ndio walioutumia: walionyesha alama kwa kidole, kwa ngumi, kwa macho, na kwa mara ya kwanza wakaanza kusema vitu ambavyo hakuna aliyewauliza. Kutoka hapo tumefika kwenye mbao za picha na tableti zinazotamka.

Karibu zaidi na sisi kuna Kilifi, pwani ya Kenya. Joseph Gona, Karen Bunning na wenzao walifanya kazi majumbani, vijijini, na watoto wasioweza kusema. Walichapisha matokeo mwaka 2014. Hawakuleta tableti. Walitumia vitu vilivyomo nyumbani na picha za kutengenezwa pale pale, wakawafundisha walezi kutumia ishara, vitu na picha. Walezi walieleza kwamba waliwaona watoto wao kwa jicho jingine, kama watu wenye mawazo. Kilifi pia ndiko Julie Carter na wenzake walikowafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo na kukuta karibu robo wamebaki na kasoro fulani ya ubongo, usemi na lugha zikiwemo. Nayataja kwa sababu mazingira ya Kilifi na ya Kilosa yanafanana kuliko yanavyofanana na Toronto: jembe, malaria, lugha ya nyumbani moja na lugha ya shule nyingine.

Ubao wa mawasiliano ni wa kutengeneza nyumbani. Boksi la biskuti, picha kutoka kwenye kalenda na magazeti ya zamani au michoro ya mkono, gundi ya unga wa muhogo, nailoni juu yake isilowe udenda. Gharama yake haifiki chipsi mayai ya siku bumu limeingia. Ugumu uko kwenye kuchagua maneno. Ubao niliouona Kilosa ulikuwa na picha sita: ugali, uji, maji, choo, kulala, kuoga. Ni ubao wa kumhudumia mtoto. Wa kumfanya azungumze si huo. Haukuwa na "sitaki", "bado", "tena", "nani?", wala "hapana, sicho nilichosema". Na kumbuka ile hesabu ya watatu kati ya wanne: haukuwa na "inauma". Mtoto ana maumivu ya nyonga kila anapobebwa, analia, na nyumba nzima inahangaika kumpa uji.

Wazazi wana hofu moja ya haki: akizoea picha si ataacha kabisa kusema? Jibu lipo. Mapitio ya mwaka 2006 ya Millar, Light na Schlosser yalichambua tafiti za watu waliopewa njia mbadala za mawasiliano. Katika watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa usemi. Wachache hawakubadilika, karibu wote, asilimia 89, walisema zaidi kuliko mwanzo. Mwenye shaka awaze mtoto anayetambaa: hakuna aliyewahi kumzuia kutambaa kwa hofu kwamba hatatembea.

Hofu nyingine ni ya lugha mbili. Mama mmoja aliambiwa na mhudumu amsemeshe mtoto Kiswahili tu, aache Kikaguru, "asimchanganye". Matokeo yake bibi, ambaye ndiye anayeshinda na mtoto na Kiswahili chake ni cha sokoni, akanyamaza. Mtoto alipokonywa saa nane za lugha kila siku. Lugha mbili hazimharibu mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Anayeharibikiwa ni yule asiyesemeshwa hata moja.

Kuhusu kukata kimeo nitasema kwa kifupi, na kwa heshima, maana wazee walionieleza walinikaribisha kwao. Mtoto anapaliwa kila akila, anakohoa, haongei. Anapelekwa akakatwe kimeo, au kale kanyama kanakoshikilia ulimi chini. Kupaliwa kwake kunatoka kwenye ubongo unaoongoza kumeza. Kimeo hakihusiki. Wembe unamletea damu na maambukizi, na kesho yake anapaliwa vilevile.

Halafu kuna salamu. Kwetu mtoto asiyesema "shikamoo" ana tatizo la malezi, na aibu inamwangukia mama. Nilimuuliza bibi mmoja wa Mikumi mjukuu wake anamwamkiaje. Akasema, "Wewe mwangalie." Mtoto alipoletwa alishusha kichwa, taratibu, kikatetemeka, kikafika kwenye kiganja cha bibi. "Marahaba, mjukuu wangu. Umelala salama?" Kisha bibi akasubiri, muda mrefu, mpaka macho yakapanda juu. Kuna kipimo cha kimataifa cha ngazi tano za mawasiliano kwa watu wenye mtindio wa ubongo, kilichochapishwa mwaka 2011 na Mary Jo Cooley Hidecker na wenzake. Hakiulizi mtoto anatumia sauti au ubao. Kinauliza anapokea na kutuma ujumbe kwa ufanisi gani, kwa kasi gani, kwa watu anaowafahamu na kwa wageni. Yaani kinampima na msikilizaji pia. Kwa bibi yake, mtoto yule anaeleweka. Kwa daktari mgeni mwenye foleni ya watu arobaini haeleweki. Ni mtoto yule yule.

Msaada uko wapi? Si mbali kama zamani, wala si karibu. Makerere ilianza kufundisha wataalamu wa usemi na lugha mwaka 2008. MUHAS nayo sasa ina shahada ya usikivu na usemi. CCBRT ya Dar es Salaam ina huduma za utengamao kwa watoto hawa. Lakini kutoka Mikumi hadi Dar ni karibu kilometa 300. Treni ya SGR inasimama Kilosa, sawa, ila Kilosa yenyewe ukitokea Mikumi na mtoto mgongoni ni safari, na tiba hii haiishi kwa safari moja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazungumzia haki ya utengamao, afya na elimu. Mama mwenye sheria na asiye na nauli bado yuko nyumbani. Kwa hiyo, kwa miaka hii, kazi kubwa itafanywa na mama, bibi na kaka zake, na mtu wa kuwaonyesha.

Dalili za kuwahi nazo ni hizi: ngumi ambazo hazifunguki baada ya miezi minne, mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, asiyekaa miezi tisa, asiyefanya "bababa" wala "dadada" akikaribia mwaka. Usikubali jibu la "subiri, ataongea tu, hata baba yake alichelewa". Pengine kweli baba alichelewa. Mpeleke.

Na sisi wa isimu tuna kazi yetu, hatuhitaji koti jeupe. Orodha za maneno ya mbao hizi nyingi zinatafsiriwa kutoka Kiingereza, ndiyo maana unakuta picha ya mkate wa siagi kwenye kijiji kinachokula ugali wa mahindi na mlenda, na hukuti "shikamoo". Kilifi tayari kuna orodha za maneno ya watoto wadogo kwa Kiswahili na Kigiriama, kazi ya Katie Alcock na wenzake, zilizotengenezwa ili hata mzazi asiyejua kusoma aweze kuulizwa. Kwa Kikaguru, Kisagara na Kividunda sijakuta. Tuko wanafunzi wachache idarani tunaokusanya maneno ambayo watoto wa miaka miwili na mitatu wa Kilosa huyatumia zaidi, tukianza na vile viambishi na maneno madogo ambayo hayachoreki: bado, tena, siyo, mimi, yule. Hili la kutochoreka linatusumbua kweli. Juzi tulitumia saa nzima kubishana "bado" lichorwe vipi, na mchoro uliopendekezwa na wengi, sufuria jikoni na mtu anayesubiri, watoto wawili tuliowaonyesha walisema ni "ugali". Mwenye mkono wa kuchora, au anayejua Kividunda cha nyumbani, tunamhitaji kabla ya likizo ndefu.